Elimu ya Mawe na Miamba, na Kazi Zinazotokana Nayo

Leo nazungumza hasa na darasa la Mugeta, katika Wilaya ya Bunda, ingawa ninyi wa Nyamuswa, Butiama, Musoma na kwingineko mtafaidika vilevile. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: MWAMBA, RAMANI, JIOLOJIA. Mawili ya kwanza mmekwisha kuyasoma. La tatu ni geni kidogo. Maana yake ni elimu ya ardhi: jinsi ardhi ilivyofanyika, mawe yake ni ya namna gani, na ndani yake mna nini. Mtu aliyesoma elimu hiyo huitwa mjiolojia.

Labda utauliza, "Mimi ndiyo kwanza najifunza kuandika jina langu. Mambo ya Chuo Kikuu yananihusu nini?" Yanakuhusu. Kwanza, unaye mtoto au mjukuu shuleni, na siku moja atakuja kukuuliza achague masomo gani. Tena kuna jambo kubwa zaidi. Ardhi unayolima na kuchungia ng'ombe ilikwisha kusomwa na kuandikwa vitabuni zamani, wala si na watu wa kwetu. Walioisoma walijua kilichomo. Waliobeba mawe hawakuambiwa. Historia ya leo ni jinsi elimu hiyo ilivyohama polepole kutoka mikono ile na kuanza kuwafikia watoto wetu. Haijafika yote.

Babu na bibi zetu walijua nini

Wako watu wanaosema kwamba kabla ya wageni hapakuwa na mtu aliyejua mawe katika nchi hii. Hiyo si kweli. Mwulize bibi yeyote aliyesaga mtama au ulezi kwa jiwe. Atakueleza kwamba jiwe la kusagia haliokotwi ovyo. Liko jiwe linalomumunyika, na unga wake utakuwa na mchanga unaokwaruza meno. Liko jingine gumu ambalo hudumu mpaka mjukuu alirithi. Bibi alijua kilima cha kulitafuta. Mfinyanzi naye alijua udongo upi hupasuka motoni na upi hauvunjiki. Na wahunzi, ambao huku Mara huitwa Waturi, walijua kazi ya chuma na moto. Ng'ambo ya ziwa, Warongo wa Uzinza walichagua mawe yenye chuma, wakayayeyusha, wakafua majembe yaliyouzwa mbali sana.

Elimu hiyo ilikuwa elimu kweli. Ila ilikuwa na kasoro moja: haikuandikwa. Mzee alipokufa, aliondoka nayo. Wewe ambaye umekwisha kujua kusoma unaelewa tofauti yake. Neno lililoandikwa linaweza kusafiri mpaka kwa mtu asiyekujua, hata baada ya miaka 100.

Wageni waja na nyundo

Wajerumani walitawala Tanganyika tangu mwaka 1885 mpaka Vita Kuu ya Kwanza. Pamoja na askari na wamisheni walikuja watu wenye nyundo, dira na madaftari. Walitembea, wakavunja mawe, wakaandika. Huku kwetu dhahabu ya Buhemba ilijulikana kabla ya vita hiyo kuanza mwaka 1914. Na huko Sekenke, upande wa Iramba, kulikuwa na mgodi mwingine. Mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa na kukosa fedha, walichukua dhahabu ya Sekenke wakaigonga sarafu mjini Tabora, katika karakana ya reli. Sarafu hiyo ilikuwa na picha ya tembo, na thamani yake ilikuwa rupia 15. Leo wakusanyaji wa fedha za kale wanainunua kwa bei kubwa mno. Nani alichimba dhahabu ile? Sarafu haina jina lake.

Waingereza walipochukua nchi, walianzisha idara ya kupima miamba mwaka 1925, nayo makao yake yakawa Dodoma. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Edmund Teale, mtu wa Australia. Kazi ya idara hiyo ilikuwa kugawa nchi vipande vipande na kuchora ramani za miamba. Ramani ya namna hii si kama ile ya barabara na vijiji. Ina rangi. Rangi moja yaonyesha mwamba wa aina moja, rangi nyingine mwamba mwingine. Mwenye kujua kuisoma anaweza kukaa mezani Dodoma, au hata London, akaweka kidole mahali na kusema, "Hapa patafutwe dhahabu, pale pasitafutwe."

Mjiolojia mmoja wa idara hiyo, G. M. Stockley, alifanya kazi huku kwetu. Mwaka 1936 lilitoka andiko lake juu ya miamba ya kusini na kusini-mashariki ya Wilaya ya Musoma. Kumbukeni kwamba wakati huo Bunda haikuwa wilaya, wala Butiama. Zote zilikuwa ndani ya Wilaya ya Musoma, katika Jimbo la Ziwa. Kwa hiyo upande alioandika Stockley ndio upande wenu. Liliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka huo ni watu wangapi wa Ikizu walioweza kulisoma?

Kwa nini dhahabu ipo huku

Hapa naomba tusimame kidogo, maana ni sehemu ninayoipenda kuliko nyingine.

Miamba ya Mara ni mizee mno. Baadhi yake ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Mwalimu, andika namba hiyo ubaoni na sifuri zake zote: 2,500,000,000. Wakati huo hapakuwa na mti, wala mnyama, wala ndege. Chini ya bahari ya kale volkano zilimwaga mawe yaliyoyeyuka. Yalipopoa yakawa mwamba mweusi wenye rangi ya kijani kidogo. Baadaye ardhi ikabanwa na kukunjwa, mwamba ukapasuka nyufa. Maji ya moto sana yakapanda katika nyufa hizo, yakibeba ndani yake dhahabu kidogo kidogo, kama chai inavyobeba sukari ambayo huioni. Maji yalipopoa, yaliacha alichokuwa amebeba: jiwe jeupe gumu liitwalo kwatsi, na ndani yake chembe za dhahabu. Ndiyo maana wachimbaji hufuata mshipa wa jiwe jeupe. Hawafuati bahati, ingawa wengi husema ni bahati. Wanafuata ufa wa zamani.

Na ziwa je? Wengi wenu mmelizoea Ziwa Victoria, mnadhani limekuwapo siku zote. Wataalamu waliteremsha mabomba marefu katika tope la chini ya ziwa, wakalitoa tope hilo bila kuvuruga tabaka zake, wakalisoma kama kurasa za kitabu. Walikuta kwamba kiasi cha miaka 15,000 iliyopita ziwa lilikauka, na mahali penye maji leo pakawa nchi kavu yenye majani. Baadaye mvua zikarudi, nalo likajaa tena. Habari hiyo ilitangazwa katika miaka ya 1990. Hakuna mzee aliyeweza kutusimulia. Tope limesimulia.

Kiabakari, Buhemba na mtu wa Mwadui

Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga fedha yake na dhahabu. Mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei ya wakia moja ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Mambo ya mbali hayo, lakini yalifika Musoma upesi kuliko mvua. Makampuni yalikuja mbio. Mgodi wa Kiabakari ulifunguliwa, Buhemba ikachimbwa kwa nguvu, na vijana wa Mara wakaacha majembe wakashuka mashimoni. Kazi ziligawanyika hivi: aliyejua kusoma ramani aliamua pa kuchimba, na asiyejua alichimba. Yule wa kwanza alilala katika nyumba ya matofali, yule wa pili katika kambi. Mimi sisemi kwamba wa kwanza alikuwa na akili zaidi. Nasema alikuwa amekaa darasani miaka mingi, na mwenzake hakupewa nafasi hiyo.

Kama mnataka kuona elimu hii inavyoweza kumfikisha mtu, tutoke Mara kidogo, twende Shinyanga. John Williamson alizaliwa Kanada mwaka 1907. Alisoma jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill, akapata shahada ya udaktari, si wa kutibu watu bali wa mawe. Katika miaka ya 1930 alifika Tanganyika kwa kazi ya kampuni ya almasi iliyokuwa Mabuki. Kampuni ilipoishiwa nguvu, yeye alibaki akitafuta peke yake, mara nyingi kwa mkopo na bila fedha ya kutosha. Vitabuni alikuwa amejifunza kwamba almasi haizaliwi juu ya ardhi. Hutoka chini sana, hupanda kwa nguvu za volkano katika shimo lenye umbo la faneli, na mwamba ulioijaza shimo hilo huitwa kimbalaiti. Kwa hiyo hakutaka kuokota almasi moja moja zilizotawanyika. Alitafuta shimo lenyewe. Mwaka 1940 alilipata, Mwadui. Eneo lake ni kiasi cha hekta 146, nalo ni mojawapo ya makubwa kabisa duniani.

Williamson akawa tajiri mkubwa. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi, akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi. Alifariki mwaka 1958, na mgodi ukauzwa: nusu kwa kampuni ya De Beers, na nusu kwa Serikali ya Tanganyika. Watu wengine humsifu, wengine humlaumu. Mimi naona jambo moja la kujifunza kwake. Wasukuma walikuwa wamekanyaga ardhi ile vizazi na vizazi, na baadhi yao waliona vijiwe vinavyong'aa. Kuona waliona. Tofauti ilikuwa katika kujua kile kijiwe kimetoka wapi.

Uhuru na Chuo Kikuu

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alirithi nchi ambayo kwa maneno yake mwenyewe watu wazima 85 katika kila 100 hawakujua kusoma. Alipenda kutukumbusha kwamba wahandisi walikuwa wawili na madaktari 12 tu. Katika hali hiyo mjiolojia wa kwetu angetoka wapi? Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwezi Oktoba mwaka huo huo wa 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na somo lake la kwanza lilikuwa sheria. Mwaka 1964 kikahamia mlimani. Mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha Dar es Salaam. Aliyetaka kusoma mawe katika miaka hiyo ya mwanzo ilimpasa asafiri nchi nyingine.

Wakati huo migodi ya zamani ilikuwa ikifungwa. Kiabakari ilifungwa katikati ya miaka ya 1960, Geita vilevile. Msimamo wa Mwalimu ulijulikana: madini hayaozi, afadhali yakae ardhini mpaka wananchi wawe na elimu ya kuyachimba wenyewe. Mpaka leo watu hubishana juu ya msimamo huo, hata kwenye vibanda vya kahawa. Kwa maoni yangu ulikuwa na busara, lakini ulitaka kitu cha pili kifuatane nao upesi, yaani kufundisha. Na kufundisha kulichelewa. Idara ya Jiolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1974, miaka 13 baada ya uhuru. Hata hivyo ilianza, na mlango ukafunguka.

Mmoja wa waliopita katika mlango huo ni mtu wa kwenu. Sospeter Muhongo alizaliwa Musoma mwaka 1954. Alisoma jiolojia Dar es Salaam, kisha akaenda Ujerumani, katika vyuo vikuu vya Göttingen na Berlin, akapata shahada ya udaktari. Angalieni jinsi mambo yalivyogeuka. Wajerumani walikuja Mara na nyundo wakiwa watawala, na mtoto wa Mara akaenda kwao kuisoma ile nyundo. Alirudi, akafundisha, akawa profesa. Tangu mwaka 2005 hadi 2010 aliongoza ofisi ya Afrika ya baraza la sayansi la mataifa, huko Pretoria. Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 2008 kuwa Mwaka wa Sayari ya Dunia, yeye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mambo ya sayansi. Baadaye aliingia katika siasa: alikuwa Waziri wa Nishati na Madini kuanzia 2012, akajiuzulu Januari 2015, akarudishwa Desemba mwaka huo, akaondolewa Mei 2017. Mwaka 2015 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Musoma Vijijini. Mambo ya siasa kila mtu ana maoni yake, nami siyaingii. Nawataka muone kwamba mtoto aliyekulia kando ya ziwa hili aliweza kukaa meza moja na wakubwa wa elimu hiyo duniani.

Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ilifungua nchi kwa makampuni makubwa. Mgodi wa Geita ulianza tena mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, na North Mara, kule Nyamongo, 2002. Safari hii, katika ofisi za migodi hiyo walikuwamo vijana wa Kitanzania waliojua kusoma ramani. Hawakuwa wakubwa wote. Lakini walikuwamo.

Mwanafunzi anasoma nini

Mwanafunzi wa jiolojia husoma miaka mitatu au minne. Darasani hujifunza aina za mawe, madini, maji ya ardhini, matetemeko, na jinsi ya kuchora ramani. Lakini nusu ya elimu hii haipatikani darasani. Wanafunzi hupelekwa porini majuma kadhaa, wakalala katika mahema, wakatembea juani na nyundo, dira na kioo cha kukuzia. Kila jiwe wanalolivunja wanaandika limetoka wapi na limelalia upande gani. Jioni wanachora. Mtoto asiyependa kutembea asiende huko. Na msidhani ni kazi ya wavulana tu. Wasichana wanaisoma na kuifanya, na mimi naona mtoto wa kike aliyezoea kuteka maji mbali na kupanda vilima vya Mugeta na kuni kichwani hana cha kuogopa katika mahema.

Ili afike huko, lazima ashike Hisabati, Fizikia, Kemia na Jiografia tangu Kidato cha Kwanza. Hapa ndipo wengi hupotea. Wanayaacha masomo ya sayansi wakiwa Kidato cha Pili kwa kuambiwa ni magumu, na baadaye hakuna njia ya kurudi. Mzazi, ukisikia mtoto wako anataka kuacha Hisabati, usinyamaze. Huna haja ya kuijua Hisabati wewe mwenyewe ili umwulize kwa nini.

Asiyefika Kidato cha Sita si kwamba amefungiwa. Kiko Chuo cha Madini Dodoma, kilichoanza mwaka 1982, kinachofundisha mafundi na wasaidizi wa wajiolojia. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho, kilichoanzishwa 2007, kinafundisha elimu hii. Na kwa habari ya ada, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikikopesha tangu mwaka 2005. Ni mkopo, si zawadi. Hulipwa mtu akipata kazi.

Kazi zake

Watu wakisikia jiolojia hufikiri dhahabu tu. Mimi ningeanza na maji.

Sehemu kubwa ya Mara ina miamba migumu. Mwamba mgumu haushiki maji kama sifongo. Maji hukaa katika nyufa zake, na katika tabaka la juu lililooza likawa kama kokoto. Ukichimba kisima kirefu hatua chache pembeni ya ufa, utapata vumbi. Fedha za kijiji zimekwenda, na akina mama wanaendelea kuamka alfajiri. Mjiolojia wa maji kwanza hutazama ramani na picha za angani, anatafuta mstari wa ufa. Kisha huchomeka vyuma ardhini na kupitisha umeme kidogo. Mwamba mkavu huuzuia umeme, penye maji umeme hupita kwa urahisi zaidi. Akipata vipimo vyake, anasema chimbeni hapa, si pale. Hawezi kukosea? Anaweza. Lakini hukosea mara chache kuliko yule anayekuja na kijiti kilichogawanyika, akidai kijiti kinamwambia. Wakala wa Maji Vijijini, RUWASA, ulioanza mwaka 2019, unawahitaji watu wa kazi hii. Tena si kila maji ya ardhini ni mazuri. Kuzunguka Mlima Meru, huko Arusha, maji ya sehemu nyingine yana floraidi nyingi, nayo huwafanya watoto meno ya kahawia na hata kuharibu mifupa. Kuyajua hayo kabla ya kunywa ni kazi ya watu hawa pamoja na wapimaji wa maabara.

Kazi ya pili ni madini. Wengine hutafuta, wengine husimamia machimbo, wengine wako Tume ya Madini wakitoa leseni na kukagua. Wengine wako Dodoma katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ambayo ni mrithi wa ile idara ya 1925. Ninyi mlio karibu na machimbo madogo mnajua maisha ya huko: duara linalochimbwa bila matimba ya kutosha, mvua ikinyesha linaanguka. Mnajua pia akina mama wanaokamata zebaki kwa mikono mitupu, kisha dhahabu ikachomwa jikoni karibu na watoto. Moshi wa zebaki hauna harufu, lakini ni sumu inayokaa katika ubongo. Mtaalamu mmoja akikaa na kikundi cha wachimbaji, akawaonyesha mshipa umelalia wapi na ukuta upi ni mbovu, anaokoa watu na fedha pia. Leseni ya uchimbaji mdogo kwa sheria ni ya Watanzania. Lakini leseni ina ramani ndani yake, yenye namba za pembe nne. Asiyeweza kuisoma anaweza kuchimba katika eneo la mwenzake, au akaliuza lake bila kujua.

Kazi nyingine nitazipitia upesi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, mwaka ule ule Idara ya Jiolojia ilipoanza, na tangu 2004 inazalisha umeme. Madaraja na mabwawa hayajengwi mpaka mtu wa miamba athibitishe kwamba chini pana nguvu. Na liko jambo la misiba. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilibomoa nyumba Bukoba, ng'ambo ya ziwa letu. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaua zaidi ya watu 80 katika Katesh na vijiji vya karibu. Tetemeko hakuna anayeweza kulitabiri siku yake. Lakini mteremko mbovu na njia ya matope huweza kuonekana mapema, nyumba zikajengwa pengine. Mwaka 2009, maji ya Mto Tigithe, kule Tarime, yalipochafuliwa na maji makali kutoka mgodini, wananchi waliona samaki wamekufa na ngozi zao zikiwasha. Ili kujua ni kitu gani, kimetoka wapi na kimefika umbali gani, alihitajika mtu wa kupima maji na udongo. Ni kazi moja na ile ya kisima, ila imegeuzwa upande wa pili.

Sasa nisiwadanganye. Kazi za makampuni ya utafutaji hupanda na kushuka kwa bei ya dhahabu. Bei iliposhuka mwaka 2013, makampuni yalipunguza watu, na vijana wenye shahada walikaa nyumbani. Wengine bado wanatafuta kazi. Kambi ziko mbali, na familia huachwa muda mrefu. Mtoto anayesoma elimu hii kwa kutumaini kupata pesa haraka atavunjika moyo. Yule anayeweza kupima maji, kuchora ramani kwa kompyuta na kukaa na wachimbaji wadogo bila kuwadharau, huyo ana nafasi zaidi ya yule anayengoja kampuni moja tu kumwita.

Kazi ya darasa

Kabla ya somo la wiki ijayo, kila mwanafunzi alete jiwe moja kutoka shambani kwake. Yawekeni mezani, myapange kwa rangi na uzito, na kila mmoja aandike kwa mkono wake sentensi mbili: jiwe limetoka wapi, na hutumiwa kwa kazi gani. Wazee na akina mama wenye mawe ya kusagia ya zamani waombwe waje wayaeleze, na mtu mmoja aandike wanayosema.

Kisha mjadiliane juu ya maswali haya. Kijijini kwenu ni kisima au chemchemi gani haikauki hata kiangazi kikiwa kirefu? Nani alipachagua mahali pale, naye alitazama nini?